Jezi namba 10 ya Ronaldinho, msimu wa 2005/06: tathmini baada ya miezi minane ya kuivaa

Jezi ninayoitathmini hapa ni nakala ya kumbukumbu ya jezi ya nyumbani ambayo Barcelona waliivaa msimu wa 2005/06, ikiwa na jina la Ronaldinho na namba 10 mgongoni. Nimekaa nayo miezi minane. Nimeichezea mpira, nimeivaa safarini, nimeifua mara nyingi kiasi cha kuzijua tabia zake, na sasa naona ninaweza kumweleza mtu anayetaka kuinunua ni kitu gani hasa atakachokipata, kwa sababu bei ya nakala nzuri ya aina hii inakaribia bei ya jezi mpya ya msimu huu, na hizo si fedha za kutoa ovyo. Jina la duka lililoniuzia naliacha, kwani nakala hizi huuzwa na wengi na kasoro nitakazozieleza zinaweza kumkuta mnunuzi yeyote.

Kwanza nieleze kwa nini nilichagua msimu huo, maana ni swali ninaloulizwa karibu kila ninapoivaa. Mtu anayempenda Ronaldo de Assis Moreira, ambalo ndilo jina lake kamili, ana jezi nyingi za kuchagua. Ipo ya Grêmio ya Porto Alegre, mji alikozaliwa Machi 21, 1980. Ipo ya Paris Saint-Germain, alikocheza kuanzia 2001 hadi 2003. Ipo pia ile ya njano ya Brazil ya Kombe la Dunia la 2002, aliyokuwa ameivaa kule Shizuoka siku alipopiga mpira wa adhabu kutoka mbali, ukampita David Seaman juu ya kichwa na kutua wavuni, bao lililowatoa Uingereza kwenye mashindano kwa 2-1, ingawa dakika chache baadaye yeye mwenyewe alitolewa kwa kadi nyekundu. Hiyo ya njano ina heshima yake, na simlaumu anayeichagua, lakini mgongoni ina namba 11, na katika timu ile yeye alikuwa mmoja kati ya watatu, pamoja na Ronaldo na Rivaldo, tena akiwa ndiye mdogo wao. Barcelona ndiko alikokuwa yeye ndiye mpira wenyewe. Mwishoni mwa 2005 alipewa Ballon d'Or na akatangazwa na FIFA kuwa Mchezaji Bora wa Dunia kwa mwaka wa pili mfululizo, na kabla msimu haujakwisha alikuwa ametwaa ubingwa wa Hispania kwa mara ya pili na kombe la Ligi ya Mabingwa lililopatikana Mei 17, 2006, Barcelona walipowafunga Arsenal 2-1 katika Stade de France. Jezi ya msimu huo ndiyo iliyobeba uzito wote huo.

Nilipoifungua nilianza kukagua kifua. Barcelona walikuwa wamecheza miaka yote bila jina la kampuni yoyote kifuani, na walipokubali kuweka maandishi hapo mwaka 2006 waliweka jina la UNICEF, tena klabu ndiyo iliyokuwa ikitoa fedha kulipa shirika hilo, si kupokea. Msimu wa 2005/06 ndio msimu kamili wa mwisho ambao kifua kilikuwa kitupu, na mtengenezaji wa nakala asiyejua jambo hilo hujulikana mara moja, kwa kuwa nimeshaona jezi zinazouzwa kwa jina la msimu huo zikiwa na maandishi ya mwaka uliofuata. Yangu iko sahihi. Mistari ya wima ya bluu na damu ya mzee inashuka bila kukatizwa na kitu chochote isipokuwa nembo ya klabu upande wa moyo na alama ya mtengenezaji upande wa pili, na ukiitazama kwa mbali unaelewa kwa nini watu wa Catalonia waliilinda kwa wivu nafasi ile kwa zaidi ya miaka mia moja.

Nembo imetariziwa kwa uzi, haikubandikwa, na nyuzi zake zimeshonwa karibu karibu kiasi kwamba ukipitisha ukucha hakuna unaonasa. Tatizo liko upande wa ndani. Nyuma ya nembo wameweka kipande cha kitambaa kigumu cha kuishikilia, na pembe yake ya chini inakwaruza ngozi ukivaa jezi bila fulana ya ndani. Siku ya kwanza niliyoichezea mpira nilirudi na alama nyekundu ya ukubwa wa sarafu. Baada ya kufuliwa mara sita au saba pembe hiyo ililainika, lakini anayeinunua kwa ajili ya mazoezi ajue hivyo mapema.

Kitambaa chenyewe ni chepesi, kina vitobo vidogo vidogo kwapani na pembeni, na kinakauka haraka. Rangi ya damu ya mzee ilichuja kidogo nilipoiloweka mara ya kwanza, maji yakawa na wekundu hafifu, kisha haikuchuja tena. Kilichonifurahisha zaidi ni upana wake. Jezi za sasa hubana mwili kama ngozi ya pili, hali za wakati ule zilikuwa pana, mikono inafika kwenye kiwiko, na mtengenezaji wa nakala hii hakushawishika kuipunguza ili ilingane na mitindo ya leo. Wengine watasema huo ni ukale tu, lakini kwangu ni jambo la msingi, kwa sababu huwezi kumkumbuka Ronaldinho bila jezi inayopepea. Alikuwa akiinamisha bega upande mmoja, jezi inakwenda na bega, beki naye anakwenda na jezi, halafu mpira unaondoka upande wa pili. Katika ile chenga yake ya kuupeleka mpira nje kwa upande wa nje wa mguu na kuurudisha ndani papo hapo kwa mguu uleule, chenga ambayo Rivellino aliifanya ijulikane Brazil miaka mingi kabla yake, kitambaa kile kipana kilikuwa kama sehemu ya udanganyifu wenyewe.

Sasa nije kwenye mechi ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo inayoiuza jezi hii mpaka leo. Novemba 19, 2005, Barcelona walikwenda kucheza na watani wao wa jadi, Real Madrid, katika uwanja wa Santiago Bernabéu. Samuel Eto'o alifunga la kwanza kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili Ronaldinho alichukua mpira upande wa kushoto, akamwacha Sergio Ramos kwa mbio, akamkata Iván Helguera kwa kuingia ndani, akamfunga Iker Casillas. Kabla watu hawajamaliza kuulizana kilichotokea, akapita tena upande uleule, akampita Ramos yuleyule, na ikawa 3-0. Mashabiki wa Madrid, ambao kazi yao usiku ule ilikuwa kumzomea, walianza kusimama mmoja mmoja na kupiga makofi, na kamera ikamwonyesha mwanamume mmoja mwenye masharubu akipiga makofi yake taratibu, uso umekaza, kama mtu anayelipa deni ambalo hakutaka kudaiwa lakini anajua ni haki. Mchezaji wa Barcelona aliyewahi kupewa heshima ya namna hiyo katika uwanja ule kabla yake ni Diego Maradona, mwaka 1983. Nimeitazama mechi hiyo nisijue mara ngapi, na kila mara macho yangu huenda kwenye mgongo wa jezi, kwenye ile 10 ya njano inayowaacha watu nyuma.

Na ni hapo hapo, mgongoni, ambapo nakala hii imeniangusha.

Namba na jina havikushonwa wala kutiwa rangi ndani ya kitambaa. Vimebandikwa kwa joto, kwa utando mwembamba wa plastiki, na kwa wiki za mwanzo vinapendeza sana, njano inang'aa juu ya mistari. Mfuo wa tisa, nilipokuwa nikiianika, niliona mstari mwembamba kama unywele ndani ya ile sifuri, pale inapopinda upande wa juu kulia. Wiki mbili baadaye mstari ule ulikuwa umekuwa ufa, na kando yake utando ulikuwa umeinuka kiasi cha kuingiza ncha ya kucha. Sasa ufa umezunguka karibu nusu ya sifuri, na katika jina, herufi ya h imeanza kubanduka mguu mmoja. Nilikuwa nikiifua kwa mkono, kwa maji ya baridi, ikiwa imegeuzwa ndani nje, na sijawahi kuipiga pasi juu ya namba. Nilipolieleza duka, nilijibiwa kwamba maandishi hayamo katika dhamana na kwamba nilipaswa kufua kwa maji ya baridi, jambo ambalo nilikuwa nimeshawaandikia kwamba ndilo nilifanyalo.

Kwa jezi nyingine ningesamehe. Kwa hii ni vigumu, kwa kuwa namba 10 ndiyo sababu ya kuinunua. Alipofika Barcelona Julai 2003 klabu ilikuwa imemaliza ligi katika nafasi ya sita na haikuwa imetwaa ubingwa tangu 1999. Rais mpya, Joan Laporta, alikuwa amewaahidi wapiga kura David Beckham, Beckham akaenda Madrid, na mashabiki wakapewa Mbrazili mwenye nywele ndefu na meno ya kuchomoza aliyetoka Paris. Alivishwa namba ambayo Romário na Rivaldo walikuwa wameivaa kabla yake. Mechi yake ya kwanza ya ligi Camp Nou ilikuwa dhidi ya Sevilla, na kwa sababu ya mvutano kuhusu tarehe ilipigwa usiku wa manane, saa sita na dakika tano, na watu zaidi ya 80,000 wakaenda hivyo hivyo. Barcelona walikuwa nyuma kwa bao moja. Aliupokea mpira kwenye nusu yake, akawapita wawili, na akiwa bado mbali na eneo la hatari akaachia shuti lililogonga mtambaa panya kwa chini na kuingia. Mechi iliisha 1-1. Pointi moja tu, lakini waliokuwepo walirudi makwao wakijua kwamba uchovu wa miaka ile umekwisha.

Msimu uliofuata, wakati Barcelona wakielekea kwenye ubingwa, Mei 1, 2005, alimpa pasi ya juu kijana wa miaka 17 aliyevaa namba 30 katika mechi na Albacete, kijana akaubetua mpira juu ya kipa, kisha akarukia mgongo wa Ronaldinho na kubebwa kama mtoto anayebebwa na kaka yake. Huyo alikuwa Lionel Messi, na lilikuwa bao lake la kwanza la ligi. Alimrukia hapo hapo kwenye ile 10 ambayo miaka mitatu baadaye ingekuwa yake. Mtengenezaji anayeuza kumbukumbu ya mgongo ule angepaswa kutumia namba inayodumu kuliko kitambaa.

Kuhusu umaarufu wa mtu huyu, jezi imenifundisha jambo ambalo sikulitarajia. Nilidhani watakaoitambua ni watu wa rika langu, waliomwona kwa macho yao. Mtoto wa dada yangu ana miaka 11. Amezaliwa wakati mchezaji huyu ameshafika mwisho wa safari. Aliponiona nimeivaa alisoma jina mgongoni, akaniuliza, “Mjomba, huyu si ndiye yule anayetazama huku halafu anapiga kule?” Kisha akachukua mpira na kunionyesha, kichwa kimegeukia kulia, pasi imekwenda kushoto, na tabasamu juu. Mabao yake hakuyajua. Hakujua Ballon d'Or wala Ligi ya Mabingwa. Alichokijua ni mwendo, na alikuwa ameujifunza kwenye simu, katika vipande vya video vya sekunde chache ambavyo havitaji mwaka wala matokeo.

Nafikiri hapo ndipo ilipo siri ya kupendwa kwake. Mafanikio yake ni makubwa, lakini wapo waliotwaa vikombe vingi zaidi na kufunga mara nyingi zaidi. Kwa Barcelona alicheza mechi 207 na kufunga mabao 94, kwa Brazil mechi 97 na mabao 33, takwimu nzuri ambazo leo hazimshtui mtu. Alichokuwa nacho ni kucheza mpira mkubwa kwa vitu ambavyo mtoto yeyote mwenye mpira anaweza kuvijaribu nyuma ya nyumba: danadana, tobo, kanzu, pasi ya kisigino, pasi ya mgongo. Hata bao alilowafunga Chelsea Machi 8, 2005, aliposimama mbele ya ukuta wa mabeki, akauchezesha mguu juu ya mpira bila kuugusa, kisha akaupiga kwa ncha ya kidole bila kurudisha mguu nyuma huku Petr Čech amesimama kama mti, ni bao la mpira wa ndani ya ukumbi, mchezo aliokulia nao. Barcelona walitolewa usiku ule, na bado watu hukumbuka bao kuliko waliosonga mbele. Mwaka huohuo lilitoka tangazo la viatu ambamo anapiga danadana na kuugongesha mpira kwenye mtambaa panya mara kadhaa bila kuuacha uguse chini, na dunia nzima ikabishana kama ni kweli au ni ufundi wa kamera. Ubishi ule wenyewe ni sifa. Kwa mchezaji mwingine hakuna ambaye angepoteza muda kuuliza.

Sitaficha kwamba kilele kilikuwa kifupi. Kombe la Dunia la 2006 alilicheza bila kufunga bao, Brazil wakatolewa na Ufaransa kwenye robo fainali. Majeraha na maisha ya usiku vikampunguza kasi, na 2008, Pep Guardiola alipochukua timu, aliuzwa kwa Milan, ambako alivaa namba 80, mwaka wa kuzaliwa kwake, kwa kuwa 10 ilikuwa ya Clarence Seedorf. Wapo wanaosema alichezea kipaji chake. Mimi huwaambia waitazame Atlético Mineiro ya 2013, akiwa na miaka 33, mji wa Belo Horizonte umemkumbatia, na kikombe cha Libertadores, yaani cha klabu bingwa ya Amerika Kusini, kikapatikana kwa mikwaju ya penalti dhidi ya Olimpia ya Paraguay, kikombe ambacho klabu ile haikuwa imewahi kukigusa. Alitangazwa kustaafu rasmi Januari 2018, kwa kauli ya kaka yake na meneja wake, Roberto Assis. Miaka miwili baadaye wote wawili walikamatwa Paraguay kwa pasipoti za kughushi, akakaa gerezani siku 32 kisha miezi kadhaa akizuiliwa hotelini, na picha zilizotoka mle gerezani zilimwonyesha akicheza mpira na wafungwa. Jambo lile lilinisikitisha kama linavyosikitisha jambo la ndugu. Hata hivyo jezi yake haikupungua thamani kwa mnunuzi hata mmoja ninayemfahamu, na viwanja bado hujaa akiitwa kwenye mechi za wakongwe.

Kwa anayeamua kununua, ushauri wangu ni huu. Kifua, rangi, upana na nembo ya nakala hii ni vya kuaminika, na kwa hayo peke yake naiweka juu ya nakala nyingine tatu nilizowahi kuzishika. Achukue saizi moja juu ya ile anayovaa kawaida ikiwa anataka ipepee kama ilivyopepea kwa mwenyewe, na avae fulana ya ndani mpaka pembe ile nyuma ya nembo ilainike. Maandishi ya mgongoni asiyanunue, kwa sababu yanaongeza bei karibu robo nzima na hayafikishi mwaka. Mimi nimeagiza ya pili, mgongo mtupu, na kitambaa cha njano nimeshampelekea fundi cherehani. Nimemchorea 10 kwenye karatasi kwa kuifuatisha picha ya Bernabéu, naye ameniambia sifuri ataizungushia mshono mara mbili.